Mgongo wa Emrys Probert

Katika nyumba ya akina Probert, bonde la Rhondda huko Wales, maji ya kwanza yalikuwa ya Ifor. Ndiye kifungua mimba, ndiye aliyeshika nafasi ya marehemu baba yake mgodini. Kila jioni mama yao, Marged, alimjazia beseni la bati mbele ya moto, na mdogo wake, Emrys, naye mchimbaji, akaoga baadaye katika maji meusi ya makaa.

Kisha likaja hema la ngumi la gulioni, ambamo kijana yeyote aliweza kupigana kwa fedha. Ifor alikuwa amemfundisha Emrys kukinga kidevu, basi. Mengine kijana aliyapata mwenyewe. Akawaangusha watu wa Merthyr na wa Cardiff, na mwaka 1912 akawa bingwa wa Wales. Siku aliporudi, Marged alimimina maji akasema, "Emrys mwanangu, tangulia."

"Na mimi, mama?" Ifor akauliza.

"Wewe una kidonda gani? Mwenzio kachubuka."

Emrys akacheka beseni likitikisika. "Njoo, kaka, tubanane!"

Ifor alitabasamu, maana akina Probert hawakuwa watu wa kuanika ugomvi mlangoni. Lakini kijicho kilimla. Barabarani hakuwa tena Ifor, alikuwa "kaka yake Emrys". Hata kanisani, ambako ngumi zilihesabiwa dhambi, shemasi alimwuliza habari za mkono wa kushoto wa Emrys kabla ya kumwuliza hali ya mama.

Ikafika siku ya kupigania ubingwa wa Uingereza. Mchana ule, katika chumba cha kukodi, Ifor alishika sabuni na tambara. Kila mchimba makaa bondeni alijua kwamba mgongo hauoshwi: maji hulegeza uti, mwanamume akaishiwa nguvu. Mgongo wa Emrys ulikuwa mweusi tangu utoto wake mgodini.

"Utapanda ulingoni mbele ya mabwana wa London na masizi hayo?" Ifor alisema. "Utamwaibisha mama."

"Mgongo, kaka? Una wazimu?"

"Bingwa anaogopa maji?"

Emrys akainama polepole. "Haya, sugua. Angekuwa mwingine ningemvunja taya."

Ifor akasugua mpaka ngozi ikaiva.

Raundi ya kwanza Emrys alipepesuka, na moyo wa Ifor ukaruka kwa furaha ambayo hakuthubutu kuitazama. Raundi ya tisa Emrys akaachia konde la kushoto. Mpinzani akalala chali. Ukumbi ukalipuka. Bingwa akamkumbatia kaka yake mbele ya waandishi wa magazeti. "Huyu ndiye dawa yangu! Kaniosha mgongo, nimekuwa mwepesi kama unyoya. Bila yeye sipigani!"

Hiyo ndiyo ikawa kazi ya Ifor. Swansea, Liverpool, London, aliitwa na ndoo yake, na watu wakasema ndugu wa namna hii hawazaliwi tena. Alisugua akiwa ameuma meno.

Mwishowe Emrys alipigwa na kijana mdogo kuliko yeye, na mkanda wa ubingwa ukaenda. Bondeni wakanong'ona, "Ifor kazembea siku ile. Kamwosha nusunusu."

Emrys, jicho likiwa limefumba kwa uvimbe, aliwafokea mlangoni mwa kanisa. "Mwacheni kaka yangu! Mgongo ulikuwa safi. Nimepigwa tu, jamani, nimepigwa."

Watu wakampenda zaidi kuliko alipokuwa bingwa. Ifor, aliyesimama kando yake, aliona wazi kwamba hata katika kushindwa Emrys alikuwa amemtangulia.