Maunting za Pikapu ya Felista

Athanas alikuwa na miaka kumi na tisa alipoteremka kutoka kijijini Nyandira, milimani Uluguru, kwenda Morogoro mjini kujifunza ufundi wa magari. Alimwomba Felista, binti wa jirani, amsubiri miaka miwili. Akaajiriwa karakana ya serikali, mji ukamnogea, barua zikapungua, kisha zikakoma. Siku aliyosikia Felista ameolewa, alishinda uvunguni mwa lori bila kula.

Mwaka 1995 karakana iliuzwa, wafanyakazi wakapunguzwa, naye akahamia kibanda cha mabati pale Msamvu. Magari ya mitumba kutoka Japani yalikuwa yakimiminika, kazi hazikukosekana. Lakini kila asubuhi, kabla ukungu haujaifunika milima ya Uluguru, aliitazama kwanza ndipo akashika spana.

Siku moja ikaingia pikapu iliyotoka kushusha kabeji sokoni, inatetemeka mpaka vioo vinalia. Dereva akashuka, khanga kiunoni.

"Habari za siku nyingi, Athanas."

Spana ikamponyoka. Alikuwa Felista, sasa mjane, mfanyabiashara wa mboga mwenye gari lake.

Athanas akafungua boneti. "Rudi ndani. Kanyaga breki, tia gia, achia klachi kidogo kidogo."

Injini ikanyanyuka upande mmoja.

"Maunting zimekufa. Hizi raba zinazoshikilia injini."

"Mbona nilibadilisha mwaka jana tu?"

"Aliyezibadilisha hakuziba oili. Inavuja hapa juu, inadondokea raba. Raba ikilowa oili huvimba, ikalainika, ikachanika. Ya kulia ilipoachia, ya kushoto ikabeba mzigo wote, nayo ikapasuka. Ongeza joto la injini na makorongo ya kwetu. Halafu wewe kilimani unaiachia klachi ghafla."

"Umejuaje?" Felista akacheka, kicheko kilekile cha usichana.

Athanas alibadilisha kwanza gasketi iliyovujisha, ndipo akafunga maunting mpya kutoka dukani kwa Bharat, muuza vipuri. Alasiri injini ikanguruma kwa utulivu.

"Twende tukaijaribu mlimani," Felista akasema.

Walipita Mzumbe, wakaanza kupanda. Baridi ikaingia dirishani, na harufu ya udongo uliolowa.

"Ulinisubiri?" Athanas akauliza.

"Miaka mitano. Kila Jumamosi nilikuwa nateremka barabarani kuangalia nani anashuka garini."

"Na sasa?"

Felista alibadilisha gia taratibu. "Hasira sina, Athanas. Ila kusubiri nilishamaliza."

Walipofika Nyandira, Athanas alilala kwa binamu yake, Yohana, aliyekuwa akilima karoti kwenye shamba la marehemu baba yake Athanas. Asubuhi aliomba jembe, akalima matuta mawili, kisha akateremka mjini, viganja vimejaa malengelenge.

Tangu hapo alipanda Nyandira kila mwezi. Kila safari alibisha hodi kwa Felista, akanywa chai, wakaongea habari za mvua na bei ya njegere, akaaga, akaondoka akiwa bado anamtaka.