Pigo Nililolificha

Pigo lililonivunja halikupigwa mbele ya watu. Lilipigwa Jumanne moja asubuhi, ndani ya depo ya zamani ya saruji katika komini iitwayo Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, tulikofanyia mazoezi ya ngumi. Tulikuwa watatu tu: mimi, kocha wetu ambaye wote tulimwita Maître, na mwanaume wa kilo themanini aliyeletwa ili anizoeshe kupigwa. Mimi nilikuwa na kilo hamsini na saba.

"Ukivumilia ngumi ya mwanaume," Maître aliniambia, "ya mwanamuke itakuwa sawa vile kukupapasa."

Ile ngumi sikuiona. Ilitua juu ya sikio la kushoto, nikasikia mlio kama wa bati linalopasuliwa, kisha nikaona viatu vya Maître karibu kabisa na jicho langu. Alinimwagia ndoo ya maji. Nikasimama, nikamuuliza tuko raundi ya ngapi. Hatukuwa tukihesabu raundi.

"Ni jua," alisema. Tulikuwa ndani, milango imefungwa.

Kwa siku kumi kichwa kiliniuma mpaka kwenye meno. Nilikuwa nikitapika kwenye beseni nyuma ya nyumba. Niliishi komini ya Katuba kwa yaya, dada yangu mkubwa, mjane anayeuza samaki wakavu wa Kilwa, ile ya ziwani kwetu, sokoni. Aliponiona nimeshika ukuta nikienda chooni, nilimwambia ni malaria. Akaninunulia dawa ya malaria, nikainywa mbele yake. Maître aliniambia kwamba nikienda hospitalini kwa munganga, munganga hataniachia kupanda ulingoni, na mshindi wa pambano nililokuwa nikijiandalia angeenda Kinshasa kuliwakilisha jimbo. Lakini sitaki kumbebesha yeye peke yake. Mimi ndiye niliyeitaka Kinshasa. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilijua kufanya kitu kimoja tu.

Mwanamke mwenzangu niliyepangwa kupigana naye alitoka Sakania, mpakani, ambako alibeba magunia ya unga mgongoni kwa malipo. Mwili wake ulikuwa umejengwa na magunia yale. Nakumbuka raundi ya pili. Nilimpasua nyusi, damu ikamwingia jichoni, nami nikaendelea kupiga palepale, palepale, kwa sababu watu walikuwa wakipiga kelele na mimi nilikuwa nafurahi. Ndilo jambo la mwisho ninalolikumbuka.

Mengine nimeyaona kwenye simu ya mtu, mara moja, na sitayatazama tena. Katika raundi ya tatu ananirushia ngumi iliyonyooka, dhaifu, ya mtu asiyeona vizuri. Inanigusa paji la uso. Magoti yangu yanakatika. Yeye anainua mikono juu, anaruka, halafu anaona miguu yangu inapigapiga sakafu kama ya mbuzi aliyechinjwa, na mikono yake inashuka polepole.

Hospitalini walifungua mfupa wa kichwa changu, wakatoa damu iliyobana ubongo. Daktari akamwambia yaya kwamba ndani alikuta damu mbili, mpya na ya zamani. "Huyu alipigwa kichwani mbele ya siku hii?"

"Hapana," yaya alijibu. "Alikuwa na malaria."

Nilipoamka maneno yalikuwa yamehama. Nilitaka maji nikaomba kiatu. Mkono wa kulia ulikuwa mzito. Harufu zote zilikuwa zimekwenda. Yaya alikuja kutoka sokoni na kapu lake la samaki, nami sikusikia chochote. Hayo yote niliweza kuyabeba. Nisichoweza kukibeba ni hasira.

Ilikuja na mvua. Mvua ikipiga bati, kila tone lilikuwa msumari. Mlango ukifungwa kwa nguvu, mtoto akicheka, redio ya jirani, mwili wangu ulikuwa umeshasimama na ngumi zimeshajikunja kabla sijajua nimekasirika. Nilivunja kioo. Nilirusha jiko lenye makaa. Yaya akawapeleka watoto wake wawili kwa shemeji yake.

Siku moja ya mvua alikuwa anasonga bukari, akaniuliza kama nimekunywa dawa. Akauliza tena. Nilimnyang'anya mwiko nikampiga nao usoni, na alipoanguka nikampiga tena. Mfupa wa shavu ulivunjika na jino likatoka. Mimi sikumbuki. Ninachokumbuka ni kukaa sakafuni nikila bukari kwa mkono, na yaya akiwa ameegemea ukuta, kanga mdomoni, imejaa damu.

"Nani amekupiga?" nilimuuliza.

Aliondoa kanga mdomoni. "Ni wewe," akasema.

Nilimpigia kelele kwamba anadanganya. Kesho yake sokoni aliwaambia wenzake ameanguka. Jioni alirudi na kamba mpya ya katani, akaiweka mezani kati yetu.

"Mudogo yangu, sikiya. Ao nitakufunga na hii, ao utaenda kujifunza ile banganga banasema. Kukufukuza, hapana. Mama alikuachia kwangu. Lakini kunipiga tena, hapana."

Nilikwenda. Hospitalini mama mmoja wa mazoezi alinifundisha kutembea juu ya mstari wa chaki, kutaja vitu vya nyumbani, kufunga vifungo. Alinieleza kwamba mimi ni kama gari lenye injini ileile, ila breki ndiyo imeumia, kwa hiyo lazima nijifunze kusimama mapema, kabla ya mteremko. Akaniambia nitafute alama. Ilinichukua wiki nyingi kuigundua: kabla ya hasira, mdomo unajaa ladha ya chuma. Nikiisikia, natoka nje, nakaa chini, nafungua vidole kimoja kimoja. Mara nyingi nilichelewa. Ukuta wa uani bado una alama za ngumi zangu.

Mwezi wa saba baada ya pambano, yule wa Sakania akaja. Alikuwa amepanda lori la mizigo, ana mfuko wa machungwa na kovu kwenye nyusi. Hakuketi. Alipiga magoti sebuleni mbele ya yaya na mimi.

"Munisamehe," alisema. "Tangu ile siku sijavaa glavu. Kule kwetu bananiita muuaji. Minalala na maiti yako, kila siku minalala nayo."

Ningeweza kumsamehe tu, akaondoka. Lakini alikuwa bado amepiga magoti.

"Haikuwa wewe," nilisema. Maneno yalitoka moja moja. "Nilikuja ulingoni nimeshavunjika. Mwanaume alinipiga mazoezini, nikazimia. Nikaficha."

Halafu yaya, kwa sauti ndogo: "Malaria?"

"Haikuwa malaria, yaya."

Yule wa Sakania alisimama. Alinikamata shingo ya nguo kwa mikono miwili, akanisukuma mpaka kichwa kikagusa ukuta. "Miezi saba!" alipiga kelele. "Uliniachia nikuue! Na ningekuua, ungekuwa umelala, mimi njo ningeishi nayo!"

Chuma kilijaa mdomoni. Ngumi ya kushoto ilijikunja yenyewe, na ubavu wake ulikuwa wazi kabisa mbele yangu. Niliona pa kupiga. Nilifungua kidole kidogo. Kisha kinachofuata. "Niachie nikae," nilisema. "Nakuomba. Niachie nikae chini." Yaya alikuwa amemshika kiuno akimvuta. Aliniachia. Nikakaa sakafuni, yeye akakaa upande wa pili wa chumba, na sote wawili tukalia kwa hasira, si kwa upole.

Kesho yake akataka kumwona Maître. Nilimfuata. Maître alitusikiliza mbele ya wanafunzi wake, mikono kifuani, kisha akaniuliza, "Nani alikukamata na nguvu, ukapanda?"

Alikuwa amesema kweli. Yule wa Sakania ndiye aliyejibu, kwa ngumi. Ilikuwa ya kushoto, chini ya mbavu, penye ini. Maître alikwenda magotini na sura yake ikawa ya majivu. Nilifurahi, furaha ileile ya raundi ya pili, na kwa kuwa niliitambua nikatoka nje, nikakaa chini, nikafungua vidole.

Kwa ngumi ile yule wa Sakania alifungiwa asipigane tena. Anasema hajuti. Shavu la yaya limebaki na shimo dogo. Aliniambia kwamba mwiko amenisamehe, malaria bado.

Alhamisi iliyopita, hospitalini ninakoenda bado kila Alhamisi, golikipa mmoja aliyegonga mlingoti wa goli kwa kichwa alimrushia mke wake kiti. Mke alibaki mlangoni, mkono kwenye kitasa, hajui aende au akae. Nilimsogelea nikamwambia arudi nyuma hatua mbili, asimguse, asiulize swali mara ya pili. Kisha nikavuta kiti kile, nikaketi mbali kidogo na mumewe, nikamuuliza kama mdomo wake una ladha yoyote.

"Toka," alisema.

Nikamwambia ninatoka, na kwamba Alhamisi ijayo nitamuuliza tena.