Masuke Mgongoni mwa Kaisari

Jumamosi niliingia duka la sarafu za kale hapa Arlington. Kwenye kaunta alikuwepo Mkongomani mmoja, bado amevaa jaketi la kazini, ameshika sarafu ya Kirumi. Mbele ilikuwa na sura ya Kaisari, nyuma mwanamke aliyebeba masuke ya ngano.

Muuzaji alitueleza kwa Kiingereza kwamba enzi hizo hakukuwa na magazeti, kwa hiyo Kaisari aliwatangazia watu shibe kupitia sarafu.

"Na walishiba kweli?" jamaa akauliza.

Muuzaji akaendelea kupanga sarafu zake.

Jamaa alikuwa amenisikia nikiongea Kiswahili kwenye simu, basi akanigeukia. "Ndugu, huyu namujua. Rais wa kwetu alikuwa kwenye noti. Kila noti mpya ikitoka, yeye ananenepa, na bugali ya mama inapunguka."

Akairudisha sarafu taratibu kwenye kitambaa, ngano juu, Kaisari kifudifudi.

Tangu siku hiyo, nikisoma kwamba serikali ya nyumbani inasifu mavuno, nampigia mama simu kumuuliza amepika nini.