Ndevu za Waziri na Kamera Isiyosamehe

Alfajiri, kabla jua halijavuka mlima, Tak Mal-sun anashika kidevu cha mzee Ban Chil-bok kwa vidole viwili na kukigeuza kuelekea taa.

"Kaka, funga mdomo."

"Nimeufunga."

"Aliyefunga mdomo hajibu."

Mzee Ban anacheka kwa pua. Chumba cha vipodozi katika kijiji cha kuigizia cha Mungyeong kina kipasha joto kimoja tu, na birika la chai ya shayiri limewekwa karibu nacho. Nje, waigizaji wa ziada watakaocheza wanajeshi wanakunywa supu huku makoti yao mazito yamefunika mavazi ya karne zilizopita.

Mal-sun, mwenye umri wa miaka 63, ni fundi wa ndevu. Katika tamthilia za kihistoria za Korea, mwanamume mwenye heshima hana budi kuwa na ndevu, na waigizaji wengi hunyoa. Waziri, jenerali, mganga, hata mwizi wa farasi hupitia mikononi mwake kabla ya kusimama mbele ya kamera.

Kwa kisindano chenye kulabu, anafunga unywele mmoja alioutayarisha kwenye unywele mmoja halisi wa mzee huyo. Kisha mwingine. Kisha mwingine tena. Hatumii gundi hata tone, na gundi hiyo ndiyo iliyokaribia kuuvunja urafiki wao wa miaka zaidi ya thelathini.

Mal-sun alizaliwa Jecheon, kwa wakulima wa pilipili. Akiwa na miaka kumi na sita alikwenda Seoul kufanya kazi katika kiwanda cha nywele za bandia zilizokuwa zikiuzwa ng'ambo.

"Tulikuwa wasichana zaidi ya mia katika ukumbi mmoja," anakumbuka. "Nywele ziliingia kila mahali. Ukifungua kabichi ya kimchi ya mchana, unywele umo. Tulikuwa tunaulizana, wewe leo umekula za rangi gani?"

Kiwanda kilipofungwa, dada mmoja aliyekuwa mkubwa wake kazini alimtafutia kibarua katika kituo cha televisheni. Huko alijifunza kutengeneza ndevu: nywele hufungwa kwenye wavu mwembamba, wavu hubandikwa usoni kwa gundi, basi kazi imekwisha. Ndevu moja ilimchukua mchana mmoja.

"Runinga za wakati ule zilikuwa na huruma," anasema. "Skrini ndogo, picha kama uji. Ningekubandika mkia wa paka na ukawa hakimu."

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, picha za HD ziliingia. Mal-sun alikuwa ametengeneza ndevu za jenerali mkuu wa tamthilia mpya, kwa mkono uleule na wavu uleule. Siku ya pili baada ya kipindi cha kwanza, watazamaji walijaza ukurasa wa kituo kwa kejeli. Mmoja aliandika kwamba jenerali amebandika kapeti. Mwingine alisema upepo ukivuma, nchi itabaki bila ulinzi.

Mkubwa wake kituoni alimwita na kumsomea yote kwa sauti. Mal-sun aliingia stoo, akalia, kisha akatoa ndevu zote alizowahi kutengeneza na kuzitazama kwa kioo cha kukuzia.

"Kamera haikusema uongo," anasema. "Kapeti ilikuwepo. Ilikuwepo miaka yote, ila hakuna aliyeiona."

Baadhi ya wenzake waliacha kazi wakaenda kupamba maharusi. Yeye alibaki. Alianza kutumia wavu mwembamba kuliko soksi ya kike, na pembeni, pale ndevu zinapokutana na shavu, akaacha wavu kabisa na kupandikiza nywele kwenye gundi moja moja. Zilipokuja kamera za 4K, alichanganya rangi tano kwenye ndevu nyeusi ili zionekane nyeusi. Kamera zilizofuata zilikuwa kali zaidi. Siku hizi ndevu za waziri humchukua wiki nzima na ushei.

Aliyevaa nyingi kuliko wote ni mzee Ban, ambaye sasa ana miaka 79. Amekuwa waziri chini ya wafalme wengi wa tamthilia. "Nimenyongwa mara sita na kupewa sumu mara nne," anasema mwenyewe. "Kila mara Mal-sun alihakikisha ninakufa nimechanwa vizuri."

Jioni moja ya Aprili mwaka jana, Mal-sun alikuwa akimbandua ndevu kwa pamba yenye mafuta. Mzee Ban alikuwa ameanza kutumia dawa za kuzuia damu kuganda, na ngozi yake ilikuwa imekuwa nyembamba kama karatasi ya madirisha ya jadi. Ndevu zilipotoka, ngozi ya kidevu ilitoka nazo.

"Aliniwahi, akanishika mkono," Mal-sun anasimulia. "Akaniambia, usimwambie mtu. Nikamwambia, Kaka, hii ni damu. Akasema, damu ni yangu, kazi ni yetu sote."

Mzee Ban hakatai. "Waziri asiye na ndevu atapewa nafasi gani? Babu wa kwenye tangazo la dawa za magoti? Nilikuwa tayari kuvuja damu."

Kwa siku kadhaa Mal-sun alifunika kidonda kwa poda na kuendelea kubandika. Kila asubuhi mzee alikaza macho, machozi yakamtoka, na bado akafanya mzaha. Mwishowe Mal-sun alimfuata mwongozaji wa tamthilia, Heo Jin-pyo, akiwa anakula chakula cha mchana.

"Mimi simbandiki tena Mzee Ban," alimwambia. "Ngozi yake imekataa."

Heo, ambaye kama wengi kazini humwita fundi huyo Mwalimu kwa heshima, hakushtuka. "Sawa, Mwalimu. Zake tutazichora kwa kompyuta. Tatizo liko wapi?"

"Nikamjibu, hakuna tatizo," anasema Mal-sun. "Nikatoka nje. Miaka yote nilikuwa naogopa kompyuta itakuja kunifukuza. Kumbe ni mimi niliyeifungulia mlango, na nikaikaribisha ndani."

Mzee Ban alipopata habari, alimkuta akikunja taulo.

"Umenitupa kwa mashine, Mal-sun. Kama jokofu bovu."

"Kaka, ulikuwa unatoka damu."

"Nilikuuliza?"

Tangu siku hiyo hakumsemesha. Aliigiza akiwa na vidoa vya kijani usoni ili kompyuta ijue mahali pa kuweka ndevu, na wenzake wakamtania kwamba ameugua surua akiwa na wajukuu sita. Alicheka nao. Akimwona Mal-sun, aligeuza kichwa.

Kazi ya kuchora ndevu hizo ilipewa Gil Da-on, msanii wa kompyuta mwenye miaka 31, kutoka kampuni moja ya Pangyo inayotengeneza gemu. Kampuni hiyo ilikuwa tayari imepiga uso wa mzee Ban picha za pande zote, kwa sababu atakuwa waziri katika gemu mpya ya mashine za kuchezea nyumbani. Da-on alimpigia simu Mal-sun, akamwomba aje aone.

"Nilimwuliza, mchinjaji anamwalika mbuzi kuja kuangalia kisu?" anasema Mal-sun. "Akasema, Mwalimu, chai ipo."

Baada ya wiki mbili alikwenda, amebeba mfuko wa machungwa. Da-on alimketisha mbele ya skrini pana kama mlango. Uso wa mzee Ban ulikuwa ukigeuka polepole, vinyweleo vya ngozi vikionekana kimoja kimoja. Da-on alibonyeza kitufe na upepo ukavuma ndani ya picha. Ndevu zikapepea.

"Niliona wivu," anasema. "Wivu wa kweli, ule wa tumboni. Zangu zimeshikwa na gundi, upepo ukija zinatikisika kama kibao cha duka. Zake zilipepea kama za mtu anayepumua."

Da-on naye alikuwa na lake la kusema. Alikuwa amezitazama kazi za Mal-sun mwezi mzima, akisimamisha picha moja baada ya nyingine, ili ajue ndevu za mtu mzima zinavyoota.

"Nilimwambia, Mwalimu, nilikuwa nakuibia," anasema Da-on.

"Nikamwambia, basi mwizi anipe hiyo chai," anadakia Mal-sun.

Walikaa hadi jioni. Da-on alimwonyesha jinsi anavyopanda unywele mmoja na kompyuta ikaotesha maelfu. Mal-sun alichukua kalamu ya kompyuta, akajaribu kuchora sharubu, zikatoka kama mguu wa buibui. Wote wawili walicheka hadi watu wa chumba cha pili wakaja kuchungulia.

Wakati huo mzee Ban alikuwa na mpango wake. Mapumziko ya kiangazi yalipokwisha, alirudi kazini na ndevu zake mwenyewe. Hakuwahi kuzifuga maishani. Zilikuwa nyeupe, chache, zimeachana kama mtama uliopitiwa na nzige.

"Sihitaji fundi, sihitaji kompyuta," aliwatangazia watu wote. "Hizi nimeota mimi."

Ratiba ilikuwa imebana, na mwongozaji akakubali. Kipindi kikarushwa. Watazamaji, walewale wanaotazama kwenye runinga kubwa zinazoonyesha hata vumbi kwenye kofia, wakakasirika. Ndevu za waziri ni za bandia kabisa, waliandika. Zimenunuliwa duka la michezo ya watoto? Mrudisheni fundi wa zamani!

Mzee Ban aliyasoma maneno hayo kwenye simu, peke yake, katika mkahawa wa tambi za ngano nyeusi. Aliacha bakuli lake mezani, akapiga namba ambayo hakuwa ameipiga kwa miezi minne.

"Mdogo wangu," alisema, "wanasema uso wangu ni wa bandia."

"Nilijizuia kucheka, nikashindwa," anasema Mal-sun. "Naye nikamsikia anacheka. Halafu kicheko kikabadilika, nikajua analia."

Kisha wakazungumza, na mazungumzo yenyewe wote wawili wanayakumbuka sawasawa.

"Ungeniambia mimi kwanza, kabla ya Heo."

"Ningekuambia, ungekataa."

"Ningekataa."

"Na ningekubandika tena, Kaka. Mimi najijua."

Wiki iliyofuata walikutana watatu katika chumba hiki cha vipodozi. Da-on ndiye aliyeuliza kama nywele anazotayarisha Mal-sun zingeweza kufungwa kwenye nywele za mzee mwenyewe, bila kugusa ngozi. Mal-sun alijaribu, ikawezekana, ingawa ni kazi ya saa nyingi. Juu ya mdomo na kwenye mashavu, ambako mzee hakuota kitu, Da-on huongeza zake kwa kompyuta. Watazamaji hawajalalamika tena.

Lakini hakuna anayejidanganya. Heo anasema wazi kwamba baada ya miaka michache ndevu nyingi zitachorwa, kwa sababu kila kamera mpya inaona zaidi na muda wa kutengeneza hauongezeki. Mal-sun hulipwa woni laki mbili na nusu, pesa za Korea, kwa siku ya kazi. Zamani hakukosa siku. Mwezi uliopita aliitwa mara kumi na moja.

"Sina ugomvi nayo," anasema huku akikata ncha ya unywele. "Naumia, lakini sina ugomvi."

Kuna jambo jingine ambalo hakumwambia mtu hadi hivi karibuni. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na atafanyiwa upasuaji baada ya Mwaka Mpya wa jadi. Nyumbani kwake kuna runinga nene ya zamani ambayo binti yake amemsihi mara nyingi aitupe.

"Mchana kutwa natafuta makosa," anasema. "Nyumbani nilitaka ukungu wangu."

Macho yakipona, atanunua runinga kubwa, ile kali kuliko zote atakazoweza kumudu, pamoja na mashine ya gemu. Gemu ya kampuni ya Da-on inatarajiwa kutoka mwakani. Da-on ameshamweleza kwamba waziri mwenye uso wa mzee Ban huuawa mwanzoni kabisa, isipokuwa mchezaji ampitishe njia ndefu ya milimani, mbali na barabara ya askari.

Mzee Ban, kidevu kikiwa bado mkononi mwa fundi, anasema amekwisha kufa vya kutosha.

"Mimi sijui hata kitufe kimoja," anasema Mal-sun. "Nimemwambia Da-on anifundishe kutembea kwanza. Tutapita huko milimani polepole, hata ikinichukua majira yote ya baridi."