Nani Atatoboa Ukuta wa Mama

Daktari wa moyo alimwambia mama mambo mawili: asikose dawa, na asikae kwenye joto. Dawa tulizipata. Joto ndilo lililonishinda, kwa sababu mama anaishi nje kidogo ya mji wa Homa Bay, katika nyumba ya matofali yenye paa la mabati aliyojengewa na baba, na ikifika saa saba mchana sebule yake huwa kama sufuria iliyofunikwa. Mara mbili nilimkuta ameketi sakafuni karibu na mlango, mdomo wazi, anatafuta pumzi. Mara ya pili nililia ndani ya gari kabla ya kuliwasha.

Mgeni angeuliza kwa nini sikumchukua tu akaishi nami Migori, ambako nina chumba kizuri chenye madirisha mawili. Nilijaribu. Kwetu Wajaluo mama mkwe halali ovyo kwa mkwewe, na akiwa mgonjwa ndiyo kabisa, maana akifia chini ya paa la mume wa binti yake, hiyo ni aibu ya koo mbili. Mume wangu hakuwa na neno, alikuwa hata ameshatandika kitanda. Siku ile mama alipokuja kliniki Migori alikubali kupita kwangu kwa chai, akainywa uani akiwa ameegemea ukuta, na jua lilipoanza kushuka akachukua mkoba wake akasimama kando ya gari langu. Nilimrudisha kwake.

Basi ilibidi baridi ndiyo imfuate yeye.

Mimi ni naibu mwalimu mkuu. Sheria ndiyo kazi yangu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kwa hiyo niliposikia kuwa kufunga kiyoyozi kunahitaji kibali, sikunung'unika kama wengine. Boma letu limemezwa na mipaka ya mji siku hizi, na ofisi ya ujenzi ilinipa fomu ya kurasa tatu. Walitaka mchoro wa mahali mashine itakapokaa. Walitaka waya wake wa pekee, uvutwe na fundi wa umeme mwenye leseni. Walitaka pia jirani atie sahihi kwamba ile sehemu ya nje haitampulizia hewa ya moto mlangoni. Jirani yetu alisoma fomu nzima, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi, kisha akauliza kama hewa hiyo itawazuia kuku wake kutaga. Nilimwambia ofisi haijasema lolote kuhusu kuku. Akatia sahihi.

Ilibaki mistari miwili ya mwisho, ambayo mwenye nyumba na fundi walitakiwa kuijaza pamoja siku ya kazi: jina la mwenye nyumba, na mtu wa kupigiwa simu kukitokea tatizo. Nilikwenda kwa mama nikiwa nimejaa kiburi. Kila karatasi ilikuwa mahali pake.

Fundi wa viyoyozi alikuwa kijana Mkuria mwenye karakana yake Migori, mpole, mwenye mikono misafi kuliko mafundi wengi ninaowajua. Kwa sababu hajui Kijaluo, siku hiyo sote tuliongea Kiswahili, hata mama. Fundi alipima ukuta juu ya kiti cha baba, akachora duara kwa penseli, akaweka drili na kuiwasha. Plasta ilianza kudondoka. Mama alitoka jikoni kwa haraka ambayo sikujua bado anayo, akaubandika mkono wake ukutani, kando kabisa ya ile drili.

"Toa hiyo kitu kwa ukuta."

Fundi akazima.

"Mama, ni shimo kidogo tu," nikasema. "Ni ya kupitisha paipu."

"Hii nyumba ilijengwa na baba yako. Msichana ameolewa hawezi kuja kufungua ukuta ya mamake. Kama inafunguliwa, kijana wangu ndiye atashika hiyo chuma kwanza. Hii maneno si yangu, nyathina, mtoto wangu. Ni ya boma."

Nilimgeukia fundi nikitumaini atanisaidia, angalau kwa kucheka. Alikuwa anakunja waya wake.

"Pole, mama," alimwambia. "Hata kwetu kuna ukuta mtu hagusi ovyo."

Nilikasirika. Sitaki kuipamba hasira hiyo kwa maneno mazuri. Ni mimi niliyekuwa nikimpeleka kliniki. Ni mimi niliyejua vidonge vya asubuhi na vya jioni, na bega lipi linamuuma. Kaka yangu yuko Thika, na tangu tulipomzika baba, miaka minne sasa, hakuwa amekanyaga nyumbani. Kila nilipompigia simu hakushika. Baadaye alikuwa akituma ujumbe wa maneno mawili, kwamba yuko kazini. Na sasa nilikuwa naambiwa kwamba mkono unaohitajika katika nyumba hii ni wake.

Najua kilichomfukuza. Mwanamume mzima hulala katika nyumba yake mwenyewe bomani, hawezi kulala kwa mama yake, na kaka yangu hajajenga. Wakati wa mazishi alilala ndani ya gari la rafiki yake, na asubuhi baba mdogo mmoja akamuuliza mbele za watu kama hilo gari lina jiko. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Nimeomba Mungu anisamehe hilo, lakini kaka yangu sijawahi kumwomba.

Wiki tatu zilipita. Sehemu zote mbili za kiyoyozi zilikaa kwenye maboksi yake sebuleni, na mama akaweka kitambaa cha kufuma juu ya boksi kubwa na kupanga vikombe. Nilimpigia kaka yangu mara nyingi. Mara moja alishika, nikamweleza habari ya ukuta.

"Nitalala wapi?" akauliza.

"Uje asubuhi, urudi jioni," nilimjibu, kwa ile sauti ninayowawekea wanafunzi wanaochelewa. Akakata.

Kisha jirani yule wa kuku akanipigia nikiwa darasani. Mama alikuwa ameanguka mlangoni saa nane mchana. Jirani alikuwa amemmwagia maji na kumpepea kwa sinia mpaka macho yakafunguka. Nilitoka nje ya darasa, nikaandika ujumbe kwa kaka yangu, na safari hii sikuweka sauti ya ualimu ndani yake. Niliandika hivi: Mama anaisha kwa joto. Anakungoja wewe, si mimi. Njoo.

Alikuja Jumamosi. Nilipofika na fundi nilikuta uwanja umefagiwa mpaka kwenye ua, mama amevaa gauni la kanisani, na samaki wawili wakubwa wako jikoni. Mimi huja kila wiki na sijawahi kufagiliwa uwanja. Nilimsalimia kaka yangu kwa mkono, kama mtu wa ofisini. Alikuwa amekonda na mvi zimemwingia kando ya masikio.

Fundi alimpa drili akamwonyesha jinsi ya kuikaza kwa bega. Kaka yangu aliusogelea ukuta, akagusa ule mchubuko kwenye plasta.

"Hapa mtu ameanza," akasema. "Nani?"

"Ni mimi," nikasema.

Alinitazama, na uso wake ukafunguka kidogo. "Wewe tangu zamani una haraka. Ulikuwa unakula chapati ikiwa bado kwa moto."

Mama akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu msiba, na ilibidi nitazame pembeni. Kaka yangu aliiweka ncha ya drili palepale nilipokuwa nimepaharibu, akasukuma. Vumbi jekundu la matofali ya baba lilimwagika juu ya shati lake jeupe, juu ya kiti, juu ya viatu vyangu. Mwanga ulipopenya kutoka nje, aliichomoa, akampa fundi, na fundi akaendelea na kazi yake kama kazi nyingine yoyote.

Saa tisa mashine iliwashwa. Mama alikaa kwenye kiti cha baba, akafumba macho, na nikahesabu pumzi zake kama ninavyofanya siku zote. Zilikuwa ndefu.

Fundi akatoa fomu. Mama aliandika jina lake mwenyewe kwenye mstari wa mwenye nyumba, polepole, herufi moja moja. Kwenye mstari wa mwisho fundi hakusubiri kuambiwa. Alimgeukia mwanamume wa nyumba, kalamu tayari.

"Namba yako, kaka?"

"Hapana," mama akasema, macho bado yamefumba. "Huyo ni wa ukuta. Andika ya huyu msichana. Yeye ndiye hushika simu."

Kaka yangu aliinama akaanza kupangusa vumbi kwenye suruali yake, ingawa lilikuwa limejaa kwenye shati. Nilitegemea ningefurahi. Badala yake nilimhurumia, na nikajihurumia mimi pia kwa kuwa nililitaka neno hilo kwa miaka yote na limekuja siku ambayo lilimchoma mwingine.

Nilianza kumtajia fundi namba. Ni namba niliyo nayo tangu chuo. Nilifika katikati, tarakimu zikanipotea kabisa. Fundi alingoja kalamu ikiwa hewani.

Kaka yangu, bado ameinama, ndiye aliyemtajia zilizobaki, bila kutazama simu yake.