Ugonjwa wa Mumbua na Wivu Wangu

Iko siku moja ninaikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikiikumbuka aibu hunishika upya, mimi ajuza nisiye na meno. Nilikuwa nimebeba mtungi wa maji kutoka bondeni, kamba imenikata kipaji cha uso, nikimpelekea mwanamke mwenye miguu miwili mizima na asiye na hata homa. Nilipokaribia mlango wake nikamsikia anacheka. Yaani acheke, na mimi ndiye punda wake! Nilitamani kuyamwaga yale maji pale pale.

Huyo alikuwa Mumbua, mke wa mdogo wake mume wangu. Tuliolewa boma moja, huku milimani Nunguni, wakati wa mkoloni, miaka ile ya kuchimba matuta ili mvua isitubebee udongo. Waume wetu walikuwa kwenye reli kule Makindu, nyumbani wanakuja mara moja moja. Kazi yote ilikuwa yetu, na mwanamke mmoja hawezi kuuchimba mlima. Ndiyo maana tulikuwa na mwethya.

Ngoja nikueleze, maana nyinyi mwethya mnausikia kwa jina tu. Tulikuwa wanawake kumi. Leo tunachimba kwa fulani, kesho kutwa kwa mwingine, mpaka zamu izunguke. Ukiugua, wenzako wanachimba shamba lako vile vile, wanakuchotea maji, na kila jioni mmoja anakuja kukaa nawe. Hudaiwi kitu, kwa sababu ulipokuwa mzima uliwachimbia wao. Hiyo ndiyo ilikuwa bima yetu. Ila ugonjwa tulioujua sisi ulikuwa malaria, uzazi, mguu uliovunjika, kitu ambacho macho yanakiona.

Basi Mumbua akazika mtoto wake wa miezi minne. Miezi miwili ikapita hatoki, hali, salamu hajibu. Asubuhi moja akaja kwenye matuta mikono mitupu, akasimama mbele yetu sote.

"Mimi ni mgonjwa," akasema. "Homa sina. Ni moyo na kichwa. Nikishika jembe naona nachimba lile kaburi. Naomba mnisaidie."

Aiya! Nilidhani atachekwa. Kiongozi wetu alikuwa mjane mmoja, Kalekye, ambaye sisi wadogo tulimwita Mwaitu, yaani mama. Akamwambia Mumbua, "Umefanya vizuri kusema. Rudi ukalale. Kesho tunachimba kwako."

Hapo ndipo wivu uliponiingia, ukakaa. Kwa sababu na mimi nilikuwa nimezika, miaka miwili kabla yake. Msichana, ndiyo kwanza ameanza kutembea. Siku ya nne nilikuwa kwenye matuta na jembe langu, wanawake wakasema, "Mama Mutua ni jabali." Nikaila ile sifa nikashiba. Hakuna aliyenichimbia hata hatua moja. Sasa huyu, ati moyo na kichwa, anachotewa maji, anatafutiwa kuni, anapikiwa muthokoi wa mahindi na maharagwe, na jioni anakaliwa kama mama mkwe! Nilimwonea kijicho mpaka nikawa najua nani ameenda kwake na amekaa mpaka saa ngapi. Nikimwona ana nafuu, naumia. Nikisikia amelia tena, napoa kidogo. Usinitazame hivyo. Katika umri huu nijipambe nimpendeze nani?

Siku hiyo ya maji ilikuwa zamu yangu ya kukaa naye. Yule aliyekuwa akimchekesha akaaga, tukabaki wawili. Mumbua akaniambia, "Karibu, Mama Mutua. Leo nimekula nikamaliza." Uso wake ulikuwa umeanza kurudi.

Nami nikamjibu, "Umekula jasho la nani? Wenzako wanasema umezoea. Wanasema kulia si ugonjwa, na usipokuja na jembe utatolewa kwenye mwethya."

Hakuna aliyesema hivyo, mwanangu. Hakuna hata mmoja. Niliyatunga mwenyewe pale pale, na yalikuwa matamu mdomoni. Mumbua alijifunika leso mpaka kichwani.

Kesho yake akaja na jembe. Akachimba kama mtu anayefukuzwa. Kalekye akamwambia apumzike, hakusikia. Halafu jembe likashuka juu ya mguu wake mwenyewe. Tukapiga mayowe. Mmoja akararua leso akamfunga, wawili wakambeba, na kwa ile damu hakuna aliyeuliza kama kweli ni mgonjwa. Yeye alikuwa akisema tu, "Si mmeona nimechimba? Msinitoe. Si mmeona?"

Wengine walipoondoka naye, Kalekye akanishika mkono. "Nani alimwambia atatolewa?"

Nikainama kuokota jembe langu.

"Nakuuliza wewe kwa sababu zamu ya jana ilikuwa yako."

Badala ya kuomba msamaha nikapandwa na hasira. "Na mimi nilizika, Mwaitu! Nani alinichimbia mimi? Nani alikuja kukaa na mimi?"

Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Alisema, "Nilikuja kwako mara tatu, Mama Mutua. Mara tatu ukaniambia uko sawa, ukanirudisha mlangoni, hata kiti hukunipa. Fungu lako lilikuwepo. Ulilikataa kwa kiburi, na leo unamnyang'anya mwenzako lake." Kisha akaniuliza polepole, "Mtoto wako aliitwa nani?"

Nikafungua mdomo, jina likakataa kutoka. Miaka miwili sikuwa nimelitamka, hata nikiwa peke yangu. Nikakaa chini kwenye udongo tuliouchimba, nikasema, "Mwende," nikalia mpaka jua la saa sita likanikuta pale. Kalekye alikaa pembeni yangu muda wote huo. Wenzetu waliporudi akawaambia, "Mama Mutua naye ni mgonjwa, na ameugua kwa muda mrefu. Kesho kutwa tunachimba kwake." Hakuna aliyecheka. Mmoja alianza kulia na yeye, kumbe naye alikuwa na lake.

Mumbua nilimwomba msamaha jioni ile ile. Alinisamehe, lakini si jioni ile. Ilichukua misimu miwili ya mvua, na ule mguu ulimuuma kila baridi ya Julai mpaka alipofariki. Yote kwa maneno niliyoyasema kwa dakika moja.

Sasa tuje kwako. Umeniambia usiku hulali, chakula hakipiti. Umeniambia kazini mna kadi ya bima, na inalipia daktari wa akili na mshauri wa kuzungumza naye. Lakini hujaenda, unaogopa watu watasema nini. Na juzi nilikusikia ukimsema yule mwenzako aliyeenda, ati anadeka, ati anapewa siku za kupumzika bure. Niliposikia nilishtuka. Nilijisikia mimi mwenyewe nikimsema Mumbua.

Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, usikie vizuri. Ukiumwa ndani, sema, usingoje damu. Wapigie hao watu wa bima, waulize wanalipia mara ngapi na uende kwa nani, halafu uende. Hiyo si sadaka. Umeifanyia kazi ulipokuwa mzima, na kesho itambeba mwingine. Na mwenzako akichukua fungu lake, mwache alichukue kwa amani.

Mimi sitakuficha, mwanangu, wivu haujaniisha. Nakuonea wewe. Mimi nilingoja miaka miwili, nikalia mbele ya kundi zima la wanawake na matope usoni. Wewe una mtu aliyesomea kazi hiyo, atafunga mlango, atakaa, atakusikiliza. Usinitese kwa kuniacha nikitamani kitu ambacho wewe unakiweka tu mfukoni.

Haya, lete viganja nivitemee mate ya baraka, kama nilivyotemewa na wazee wangu. Usingizi ukuzoee tena. Chakula kikupite kooni. Mungu akupe watu wa kukuchimbia siku ambayo jembe litakushinda, na akupe moyo wa kuwaita. Kesho ni siku ya kazi, wapigie asubuhi.