Kaburi la baba yake dani lina tunda: nilivyomtafuta askari wetu hadi Rusinga

Wakuu, salamu popote mlipo. Hii sijaitia chumvi, na dani, yaani nyanya yangu, mwenyewe ameniruhusu niiandike.

Asubuhi moja niliamka Muhuru Bay, nikavaa viatu nikatoka. Mpango sikuwa nao. Nilijua tu naenda upande wa Homa Bay. Mimi ni mtu wa kuzunguka, shule niliacha darasa la saba, lakini kitu kikinikaa kichwani hakitoki.

Kilichonikaa ni baba yake dani. Alienda vita vya Wazungu akiwa KAR, jeshi la mkoloni, dani bado wa kubebwa mgongoni. Hakurudi.

Huku kwetu mtu akipotelea mbali, mnazika tunda la yago, lile refu la mti wa mwegea, badala ya mwili. Mnalia, mnamaliza. Kaburi liko nyumbani hadi leo.

Watoto walimtania dani, "Baba yako ni yago!" Hiyo aliizoea. Kilichomuuma ni uvumi kwamba mzee hakufa, alimtupa tu.

Mwaka huu macho yakaanza kumpotea, akaniita. "Nyakwara, mjukuu wangu, wewe si unazurura bure? Zurura basi unitafutie. Alikufa ama alinikataa?"

Nilianza online, orodha za waliokufa vitani. Hayuko.

Nikaingia ofisi ya takwimu kuulizia sensa za zamani. Karani akacheka. "Buda, sensa ni hesabu. Majina ya watu hatutoi hata ukija na rais."

Baadaye nikiwa kibarua Nairobi, nikapata mahali wanahifadhi makaratasi ya jeshi. Jina lake, kijiji, chifu wake, vyote sawa. Chini yake: ameachiliwa akiwa mzima, ameshushwa bandari ya Homa Bay.

Wakuu, hebu fikirieni. Mtu ametoka Burma mzima, amefika Homa Bay, halafu nyumbani hakufika? Uvumi ni kweli basi.

Ndiyo maana asubuhi ile nilitoka bila kumwambia dani.

Homa Bay mjini hakuna aliyemjua. Nikafuata ufuo, kanisa baada ya kanisa, hadi karibu na Mbita katekista mmoja akafungua kitabu cha ubatizo. Jina lake lilikuwemo: mtu wa Muhuru, askari wa zamani, mkazi wa Rusinga.

Nikavuka daraja na boda hadi kisiwani. Nilielekezwa kwa mzee mmoja aliyekuwa anapukuchua mahindi. Nikataja jina la askari.

Akaniangalia. "Wewe umetoka kwa Akinyi?"

Akinyi ni dani.

"Huyo alikuwa baba yangu," mzee akasema. "Kaa. Umekula?"

Akanieleza. Baba yao alifika hadi mtoni, karibu kabisa na boma letu. Dada yake huyo askari alikuwa anachota maji. Alipomwona alitupa mtungi. Akamwambia wamekwisha kumzika, mkewe amerithiwa na ndugu yake na ana mimba. Kwa desturi, aliyezikwa akiingia langoni anawaletea kifo walio ndani.

"Aliuliza kitu kimoja tu, kama Akinyi yuko hai. Akaambiwa yuko. Akageuka." Akaja Rusinga akaishi kama jadak, mgeni wa kupewa shamba.

"Na hakumwona tena?"

Mzee akacheka. "Hakumwona? Siku za soko tulikuwa tunaenda Muhuru na mashua za omena, yaani dagaa. Akinyi alikuwa anauza nyoyo, yale mahindi na maharagwe. Baba anakula amesimama, tunarudi. Alinikataza kusema."

Nikauliza lodging iko wapi. Mke wa mzee akanikemea. "Mtoto wa nyumbani alale lodging? Unatutukana?" Akanitandikia kitanda kwenye simba, kile kibanda cha kijana, ya mwanawe.

Hapo kitandani ndipo nilipompigia dani simu. Alisikiliza yote.

"Yule mzee wa kofia ya jeshi? Aliyekuwa anasifu nyoyo yangu hata ikiwa imepoa?"

"Ndiye, dani."

Akasema, "Kumbe baba amekula chakula cha mkono wangu." Akaanza kucheka na kulia pamoja.

Mimi huondoka mahali nikichoka. Yule mtu aliondoka ili wengine waishi, na hakujitetea kwa yeyote. Nimemvulia kofia.

Funzo ni hili: usiishie kwenye orodha ya wafu. Tafuta mtu wako alishukia wapi, kisha uanzie hapo kwa miguu. Kama kwenu pia kuna kaburi la yago, hebu semeni mlianzia wapi, au mnaogopa nini. Niko Rusinga bado. Dani anakuja mwenyewe, na ameniambia nisithubutu kuondoka.